Mvinyo Wenye Mwili

Jumatatu, 4 Machi

Shangazi ametoa hukumu. Rafu ya mvinyo imepewa muda hadi Jumamosi ya wiki ijayo. Chupa zisipotoka, rafu anapewa Tangawizi apange mitungi yake ya mbegu zilizochipua. Amesema hayo huku anafuta meza, bila kunitazama, kama mtu anayetangaza kwamba kesho kutakuwa na mawingu.

Mgahawa ni wake. Ni mgahawa wa afya: saladi, supu zisizo na mafuta, mkate mzito kama tofali. Wateja huja na viatu vya mazoezi na huondoka na njaa yenye heshima. Mvinyo uliingia kwa sababu Shangazi alisikia mahali kwamba glasi moja huufurahisha moyo. Nikamwambia mvinyo unataka mtu wa kuuelewa. Akasema mimi nimesomea falsafa, huenda nikaielewa chupa. Ndivyo nilivyokuwa mlinzi wa rafu.

Tangawizi ni mkamua juisi. Si jina lake, ni tabia yake. Hutia tangawizi katika kila kitu, hata katika maji ya kunawia mikono. Sote tunamwita hivyo na huitika. Hupiga mluzi anapofanya kazi. Wateja wanampenda. Mimi huniita Profesa.

Rafu ikiondoka, nami naingia jikoni kuosha mchicha chini ya Tangawizi. Lakini si mchicha unaoniuma. Kuna wakati wa alasiri jua hupita dirishani, likaingia ndani ya chupa, likatokea upande wa pili likiwa jekundu. Doa hilo huanguka ukutani. Hutambaa. Hupita juu ya kiti changu, hunipanda mkononi. Kwa muda huo mkono wangu si mkono wa mhudumu. Ni wa mtu ambaye maisha yake yameshaanza.

Mitungi ya mbegu haiwezi kutoa rangi ile. Nitapigana.


Jumanne, 5 Machi

Nimegundua kasoro. Menyu yetu inasema: mvinyo mwekundu, mvinyo mweupe, mvinyo mwingine. Nani atatamani kitu kinachoitwa mwingine?

Mpango: kadi. Kila chupa ifungwe kadi shingoni kwa uzi, na juu ya kadi yaandikwe maneno ya wajuzi. Nimeazima kitabu. Wajuzi wanasema mvinyo una pua, yaani harufu yake. Una miguu, ile michirizi inayoteremka ndani ya glasi ukiitikisa. Na una mwili, yaani uzito wake ulimini. Nimekaa na neno hilo mchana kutwa. Kinywaji chenye mwili. Sisi wengine tuna miili na bado hatuna uzito wowote mahali popote.

Ili kuandika ni lazima kuonja. Hapo pana tatizo ambalo Shangazi halijui. Kijiko kimoja cha mvinyo hunilaza. Silewi, nalala. Leo asubuhi nilionja chupa ya kwanza, na kilichofuata ni Mpishi kunifunika kitambaa cha meza. Mpishi ni mtu mpole mwenye huzuni moja: Shangazi amempiga marufuku kutia chumvi. Alinong'ona kwamba ananielewa, hata yeye hapa hulala akaota chumvi.

Kwa hiyo nimebuni njia yangu. Naonja kwa macho. Namimina kidogo, nainua glasi kwenye mwanga, nasubiri. Kitu huja. Leo ilikuja njia ya vumbi, matone ya kwanza ya mvua, na mtu anayefunga dirisha la ghorofani bila haraka, kama anajua mvua itamngoja. Niliandika yote. Sijui mtu huyo ni nani. Nilimkumbuka nilipofika nyumbani, kama mtu niliyemzoea.


Jumatano, 6 Machi

Kadi zimefungwa. Rafu inaonekana kama mti uliochanua.

Mteja wa kwanza alisimama mbele yake muda mrefu, mikono mgongoni. Alisoma kuhusu pua. Alisoma kuhusu miguu. Alisoma kuhusu mwili. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, kama hapa tunauza mvinyo au tunauza mtu. Akaagiza maji.

Baadaye wakaja wanawake wa mazoezi. Mkuu wao tunamwita Filimbi, kwa sababu ya ile anayoivaa shingoni hata anapokula. Alichukua chupa ninayoipenda kuliko zote, ile ya mtu wa dirishani, akasoma kwa sauti: mvinyo huu una mwili. Akairudisha kama imemng'ata. Alisema amehangaika mwaka mzima kupunguza mwili, halafu leo analetewa mwingine ndani ya chupa. Wenzake wakarudi hatua moja nyuma. Nilieleza kwamba mwili ni wa mvinyo, si wa mnywaji. Filimbi akasema kila chakula husema hivyo kabla hujakila.

Tangawizi alikuwa anasikiliza kutoka kaunta. Akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na cha Profesa chaandikiwa insha. Wakacheka wote. Hata Mpishi, jikoni, nilimsikia.

Jua lilikuwa limefika kwenye chupa. Nilisimama ndani ya doa jekundu, nikamsamehe kila mtu isipokuwa Tangawizi.


Alhamisi, 7 Machi

Siku ya ajabu.

Aliingia kijana mnyanyua vyuma, mabega kama mlango wa ghala. Aliuliza upi ndio mvinyo wenye mwili mkubwa kuliko yote. Nikamwonyesha. Akauliza unanywewa kabla ya kunyanyua au baada. Nilifungua mdomo ili nimweleze. Kisha nikaufunga. Kunyamaza si kusema uongo, niliwahi kuandika makala juu ya jambo hilo na mhadhiri akaisifu. Alinunua chupa mbili na kuzibeba kifuani kama watoto. Nyuma yake akaja karani mmoja mwembamba anayetaka kujaza suti ya harusi. Naye akataka wenye mwili. Naye nilimnyamazia.

Alasiri Filimbi alirudi na kundi lake. Walikuwa wamejadiliana njiani. Mvinyo wenye mwili hawautaki, lakini wameona kadi nyingine inasema mvinyo mwepesi, na nyingine inasema mkavu. Hoja yao: kilicho kikavu hukausha. Nikasema mvinyo mkavu maana yake hauna utamu. Filimbi akapiga makofi. Hauna sukari, akawaambia wenzake, nimewaambia nini? Wakaagiza glasi kwa kila mmoja. Mmoja alinong'ona kwamba ameuonja na mbona ni majimaji. Wenzake wakamwambia anyamaze, ukavu unafanya kazi ndani kwa ndani.

Shangazi alipita, akaiona nafasi tupu kwenye rafu, akasimama. Akasema: mwanangu, kumbe!

Nimeibeba hiyo kumbe hadi nyumbani. Nimeiweka mahali pazuri.

Mama alikuwa sebuleni. Nikimfurahisha, huwaambia majirani kwamba binti yake anauza divai. Nikimuudhi, nauza mvinyo. Nikimuudhi sana, nauza pombe. Leo ilikuwa divai, mara mbili.


Ijumaa, 8 Machi

Amekuja.

Niliamini kwamba ukilinda kitu kwa moyo, mwishowe atatokea mtu anayekijua. Alikaa meza ya dirishani, ile iliyo jirani na rafu. Bwana wa makamo, koti la kijivu, viganja vya mtu anayeshika vitu taratibu. Aliagiza mwekundu. Hakunywa. Aliisoma kadi yote, mbele na nyuma, ingawa nyuma hakuna kitu. Kisha akaingiza pua ndani ya glasi, akafumba macho, akakaa hivyo.

Alikaa hivyo mpaka supu ya jirani yake ikapoa.

Aliponyanyua uso alionekana kama mtu aliyetoka safari na hakumkuta mwenyeji. Uso ule! Ni uso wa mjuzi asiyeridhika na dunia. Nimempa jina hilo hilo: Mjuzi. Nilitembea kwenda nyumbani na mtaa mzima ulikuwa laini. Taa za maduka zilikuwa na miguu.


Jumatatu, 11 Machi

Mambo mawili, moja baya.

Mjuzi alikuja tena. Akanusa, akafumba macho, akalipa, akaondoka. Kiongozi wa dini hafanyi ibada kwa utulivu ule.

Baya: mnyanyua vyuma amerudi. Amejipima. Hajaongezeka hata chembe, ila anaamka na kichwa kizito, akauliza kama uzito umepanda huko. Alimuuliza Shangazi, si mimi. Shangazi akaomba asomewe kadi. Akasomewa. Akaomba aelezwe nilichosema nilipoulizwa. Ikabidi aelezwe kwamba sikusema.

Nikaitwa stoo, kati ya magunia ya dengu. Shangazi hakupandisha sauti. Angepandisha ningejitetea. Alisema mgahawa huu hauuzi ahadi kwenye chupa. Chupa zilizotoka kwa watu kutoelewa, kwake yeye hazikutoka. Nisahihishe kadi, na kama mvinyo una sifa yake halali, nimwonyeshe kabla ya Jumamosi. Vinginevyo mitungi.

Nilipotoka, Tangawizi alikuwa anakatakata matango bila mluzi, yaani alikuwa anasikiliza. Aliniambia dada usikate tamaa, mchicha nao una mizizi, una shina, una majani, utapata mengi ya kuandika. Nadhani alidhani ananifariji. Hilo ndilo linaloudhi zaidi.

Sifa halali. Nani anaweza kuishuhudia?


Jumatano, 13 Machi

Nimezungumza naye.

Nilijipa kazi ya kufuta meza ya dirishani ambayo haikuwa na uchafu. Nikamuuliza, kwa sauti niliyoifanyia mazoezi bafuni, kama mvinyo unamridhisha. Mjuzi alifikiri. Alisema, kusema kweli, kinachomleta hapa ni kadi. Anasoma, kisha anatafuta ndani ya glasi. Nikamuuliza kama anapata. Akatikisa kichwa polepole. Alisema bado. Lakini yule mtu wa dirishani, aliyekuwa anafunga dirisha mvua ikija, huyo anamwona kabisa.

Papo hapo nikavuta kiti nikakaa.

Nikamweleza mpango wangu: keshokutwa alasiri, meza hii hii, Shangazi, yeye na mimi. Nitamimina chupa bora kuliko zote. Yeye atasema anachokiona tu. Alisita sana. Alisema hana hakika kama yeye ndiye mtu anayefaa. Nilimwambia hayo ndiyo maneno ya mtu anayefaa. Akasema hapana, dada, kuna jambo angependa nilijue mapema. Nikamzuia. Nikasema tuyaache yote mezani Ijumaa, tusimwage maneno kabla ya mvinyo.

Nilifurahishwa sana na sentensi hiyo. Nimeirudia mara nyingi leo, hata kwa Mpishi.


Alhamisi, 14 Machi

Maandalizi. Kitabu kinasema mvinyo mkubwa haunywewi ukitoka chupani. Umefungwa siku nyingi, umekosa hewa, lazima umiminwe kwenye chombo cha kioo upumue. Nimewapenda sana watu waliofikiri hivyo kuhusu kinywaji. Mimi mwenyewe nahitaji kitu kama hicho baada ya kila chakula cha mchana na ndugu.

Chombo: jagi la kioo. Shangazi hununua majagi kwa seti, kwa hiyo yote yamefanana. Nilichukua moja kaunta kwa majaribio, nikalijaza maji, nikalitazama. Tangawizi akauliza jagi lake limefanya nini. Nikamwambia kesho litakuwa na mvinyo unaopumua. Akainama, akaweka sikio kwenye kioo, akasikiliza kwa makini, akasema huu wako unakoroma.

Nilimkumbusha kwamba jana alitia tangawizi kwenye supu ya mtoto mchanga. Alisema mtoto aliomba. Mtoto hajui kusema.

Mama ameuliza kesho kuna nini mbona napiga pasi sketi. Nimemwambia kesho divai inapata shahidi. Akaenda kunitafutia hereni.


Ijumaa, 15 Machi

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma, karibu na mapipa. Nitaandika kwa mpangilio kama nilivyofundishwa.

Nilifungua chupa. Nikaimimina kwenye jagi. Meza ya dirishani ilikuwa bado inatandikwa, kwa hiyo nikaliweka jagi kaunta kidogo tu, lipumue. Nikaenda kuvaa hereni.

Kaunta palikuwa na jagi jingine. Tangawizi alikuwa amekamua bitiruti. Nyekundu ile ile. Kioo kile kile.

Sikuliona la pili. Niliona jagi. Nikalichukua.

Shangazi alikuwa ameshakaa, mikono kwenye mapaja kama yuko kwa daktari. Mjuzi alikuwa amevaa tai. Nilimimina. Na hapo, naapa, jua lilifika. Lilishuka kwenye glasi tatu kama limeitwa kwa jina, na kitambaa chote cha meza kikawa chekundu. Nikazungumza. Sijawahi kuzungumza vile. Nilisema mvinyo huu una mwili, lakini ni mwili wa mtu aliyekaa akatulia, asiyetaka kumshinda yeyote. Nilisema ukiunusa utaukuta udongo, udongo wenyewe, saa ile mvua imepita na hakuna aliyetoka nje bado. Nilisema chini ya udongo kuna utamu unaoona haya kujitokeza.

Mjuzi alifumba macho. Alisema anapaona. Anauona mpaka uzio.

Shangazi akanywa. Akanywa tena. Kisha akaniuliza kama nimeuonja. Nikasema ndiyo, bila shaka. Akauliza nimeuonja kwa mdomo au kwa shahada.

Kabla sijajibu, tukasikia filimbi.

Kundi la mazoezi lilikuwa limetoka kukimbia. Walikuta kaunta kuna jagi jekundu. Tangawizi, kwa mikono yake, alilitia tangawizi na ndimu, akawajazia glasi kubwa kubwa, nao wakanywa kwa pumzi moja kama watu waliotoka jangwani. Wakaomba tena. Sasa Filimbi alikuwa amesimama juu ya kiti anaiamuru saladi ipandishe magoti. Wenzake walikuwa wanaimba kwa sauti tatu ambazo hazikuwahi kukutana kabla ya leo. Yule aliyesema mvinyo mkavu ni majimaji alikuwa amemkumbatia Mpishi, anamwambia hata yeye anaikumbuka chumvi. Mpishi alikuwa analia.

Tangawizi alisimama na jagi tupu mkononi. Alilinusa. Akalitazama. Akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mluzi wala methali.

Shangazi alisema taratibu kwamba hii niliyommiminia ni bitiruti, mwanangu. Bitiruti nzuri, lakini bitiruti.

Nikamgeukia Mjuzi. Ndiye aliyebaki. Nikamwomba aseme, kama mtu anayejua, je, hakuuona ule udongo? Alilegeza tai. Aliomba radhi. Alisema ndilo jambo alilotaka kuniambia juzi. Hasikii harufu. Hajanusa chochote tangu alipougua mafua makali mwanzoni mwa mwaka: si kahawa, si sabuni, si shati la marehemu baba yake alilolihifadhi kabatini kwa ajili hiyo tu. Daktari wa pua na koo amemshauri akae kila siku na vitu vyenye harufu, avikumbuke kwa bidii, huenda pua ikarudi. Alichagua mvinyo kwa sababu ya kadi. Ndani ya glasi zote hizi hajakuta hata harufu moja. Lakini alisoma kuhusu mtu anayefunga dirisha, akarudi nyumbani akiwa na nafuu.

Hata Filimbi alikuwa ameshushwa kitini. Shangazi alimtazama yule bwana, kisha akanitazama mimi, sana, kama anasoma maandishi madogo.

Tangawizi, asiyejua la kufanya na mikono yake, alimletea Mjuzi kikombe cha kinywaji chake cha moto ili aombe radhi kwa niaba ya mgahawa. Mjuzi akakipokea kwa adabu. Mvuke ukampanda usoni. Akaganda. Macho yakamjaa machozi. Akasema, kwa sauti ndogo sana: tangawizi.

Mkamua juisi akaitika: naam?

Mjuzi akakitazama kikombe, akanusa tena, akasema lile neno tena na tena, kama mtu anayeita nyumba nzima, na kila mara yule mjinga anaitika.


Jumamosi, 16 Machi

Rafu amepewa Tangawizi. Chupa zilizobaki zimerudi kwa msambazaji. Mitungi ya mbegu imepangwa. Kundi la mazoezi limeombwa radhi na kupewa supu. Shangazi aliwaeleza ukweli wote akiwa amesimama, akasema si haki mtu kunywa asichokijua. Wakakubali. Filimbi, akiwa na miwani ya jua ndani ya nyumba, aliuliza chini chini ile juisi itakuwepo tena lini.

Mjuzi alikuja asubuhi na mapema. Hakukaa dirishani. Alikaa kaunta, upande wa Tangawizi. Wanazungumza. Anasema jana jioni alinusa kitunguu cha jirani na leo sabuni, kwa mbali. Hajalifungua kabati. Anangoja pua ikomae. Aliniomba ile kadi ya dirishani akae nayo. Nikampa. Nilipomkabidhi aliiweka puani kwanza, akatabasamu, akasema ina harufu ya karatasi.

Sijui kwa nini hilo limeniuma na kunifurahisha kwa pamoja.

Jumatatu naanza jikoni. Shangazi alinikalisha stoo, kwenye gunia lile lile la dengu. Nilitegemea hasira. Akasema nitaandika kadi za juisi, kwa sababu kuandika naweza, hilo kila mtu ameliona. Akasema maneno yangu hayana kosa. Kosa ni kwamba yanatoka nyumbani kabla yangu. Akanishika mkono. Akasema: binti yangu, onja kwanza, ndipo useme.

Nimeiandika sentensi hiyo hapa kwa sababu ni nzuri. Ina mwili.

Mama amesema nilikuwa nauza pombe. Amesema mara moja tu, halafu akanipakulia chakula.


Jumatatu, 18 Machi

Mchicha. Maji baridi. Vidole vimekunjamana kama vya mtu mwenye hekima.

Tangawizi si bosi mbaya. Hapigi kelele. Amenifundisha kuosha jani kwa kulishika shina. Nimeandika kadi ya juisi ya karoti: karoti, maji, tangawizi. Akaisoma, akasema imekufa, nitie kidogo yale mambo yangu. Nikasema yale mambo yangu yamekwisha. Nilikuwa nimeamua kabisa. Kuanzia leo mimi ni mtu wa mambo yaliyopo.

Kisha ikafika alasiri.

Jikoni kuna dirisha dogo juu ya sinki, sikuwahi kulitilia maanani. Kwenye kizingiti chake Mpishi huweka siki yake ya tufaha, ndiyo faraja aliyobakishiwa baada ya chumvi. Jua liliingia. Likapita ndani ya chupa. Likatokea upande wa pili likiwa rangi ya asali, likaanguka ndani ya maji ya mchicha, likanipanda mkononi.

Nilifunga bomba.

Siki. Mgahawa wa afya mzima unanywa siki, kijiko asubuhi, kijiko jioni, na hakuna hata mmoja anayejua anakunywa nini. Na siki ni nini, kama si mvinyo uliokataa kubembelezwa? Kuna ya tufaha, kuna ya zabibu, kuna ya nazi, kuna ya mchele. Rafu nzima. Nimeitikisa chupa kidogo: ina miguu. Nikaiinua kwenye mwanga, nikasubiri. Akaja yule mtu wa ghorofani. Mvua ilikuwa imekwisha. Alikuwa anafungua dirisha.

Kadi ya kwanza nimeshaiandika, nyuma ya ile ya karoti. Kuonja nitaonja baadaye, macho yanatosha kwa kuanzia. Nimemuuliza Mpishi siki yake imefungwa tangu lini. Amesema tangu mwaka jana. Maskini. Mwaka mzima bila hewa.

Nimeimimina kwenye jagi la kioo ili ipumue. Jikoni hapana nafasi, kwa hiyo nimeliweka kaunta kidogo tu, karibu na juisi ya tufaha ya Tangawizi. Jua limeyashika majagi yote mawili. Yamefanana kama mapacha. Filimbi na wenzake wanaingia, wanatweta, na sijawahi kuona kaunta ikipendeza namna hii.